Nilipomwita Papa Pale Roma

Kila mtu sokoni anataka ile hadithi ya Papa. Nikifika asubuhi na kuanza kutandika vitenge vyangu juu ya meza, lazima mmoja aite kutoka upande wa samaki: "Maman Italia! Tuambie tena vile ulisimamisha Roma!" Na mimi nasimulia. Nainua mikono, naita kama nilivyoita kule, wanacheka mpaka wanashikilia meza zisianguke. Nimeisimulia mara nyingi hata najua watachekea wapi, na pale nanyamaza kidogo ili wapate nafasi.

Ninayosimulia sokoni ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili naiandika hapa, katika daftari la mraba nililonunua kwa ajili ya hiyo tu. Sijui kama nitaiandika vizuri. Nilisoma miaka sita, kule Bukavu, kabla ya kuolewa upande huu wa mto Ruzizi, na Kiswahili changu ni mchanganyiko wa masista na soko. Nitajaribu kumtendea kila mmoja haki. Mume wangu hataki kuandika upande wake, kwa hiyo pale anapobisha nitaandika kwamba anabisha. Na majina sitaweka. Sababu itaonekana mbele.

Mume wangu ni mtu wa simenti. Alifanya kazi kiwandani Bugarama tangu ujana mpaka nywele zake zikawa na rangi ya kazi yenyewe. Alikuwa akisimamia mashine ya kusaga mawe. Alipostaafu tulipanda kuja kuishi Kamembe, kwa sababu ya meza yangu ya sokoni na kwa sababu ya kifua chake, maana huku juu hewa ni nyepesi.

Mwaka mmoja kabla ya safari alianza kupoteza vitu, na si vitu vya mfukoni. Alishuka Nyakabuye kumsalimia dada yake, akarudi jioni akasema hakumkuta. Dada yake akaniambia hakutoka nyumbani siku nzima na hakuna mtu aliyebisha hodi. Nilidhani ni ugomvi wao wa ndugu. Halafu akaanza kusema "ile kintu" kwa kila kitu: lete ile kintu, funga ile kintu. Siku moja mchana nilimkuta amekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi.

"Maman," akasema, "kichwa yangu iko inatoboka."

"Umechoka tu, Papa."

"Usinidanganye. Na usiambie batoto."

"Sitaambia."

"Apa."

Nikaapa. Niliapa haraka sana, nadhani kwa sababu kiapo kilikuwa kinanisaidia na mimi nisiseme.

Lakini lazima niandike pia kwamba wiki ile ile alipanda juu ya paa la jirani, akaziba tangi lililokuwa linavuja, akashuka akiimba litania ya Kilatini kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosa mtakatifu hata mmoja. Kwa hiyo nikisema anasahau, sisemi uongo. Na watu wakisema ni mzima, nao hawasemi uongo.

Mtoto wetu wa mwisho, binti, anaishi Firenze, kule Italia. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee: anawaogesha, anawalisha, anawavalisha. Alitutumia tiketi kwa sababu ndoa yetu ilikuwa imefika miaka arobaini. Akasema tutembee, tuone miji ya zamani, tule, tupige picha, tusifanye kazi yoyote. "Maman, utakaa tu kama malkia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimejiuliza kwa nini sikusema, na nimepata sababu tatu. Ya kwanza ni kiapo. Ya pili ni kwamba mume wangu alitaka Roma kuliko kitu chochote. Alipokuwa mwanafunzi kule misheni ya Mibirizi, ukutani mwa darasa palitundikwa kalenda yenye picha ya lile kanisa kubwa na nguzo zake zilizozunguka kiwanja. Alikuwa akizihesabu nguzo wakati wa somo, na kila mara kengele ilipigwa kabla hajamaliza. Hilo amenisimulia tangu tulipochumbiana. Sababu ya tatu ni kwamba nilitaka mimi mwenyewe kupanda ndege, na nilitaka wanawake wa sokoni wanione pale uwanja wa ndege wa Kamembe na sanduku la magurudumu. Nimeiweka ya mwisho. Sijui kama kweli ni ya mwisho.

Siku za kwanza kule Firenze zilinitia aibu, vile alivyokuwa mzima. Binti yetu alichukua likizo akatutembeza. Miguu yangu ilivimba siku ya kwanza, lakini yeye alitembea kama kijana, anagusa kuta kwa kiganja, ananusa vidole. "Hii hapana simenti," anasema. "Ni chokaa na muchanga. Angalia, miaka mangapi na haijapasuka." Alimweleza binti yake jinsi chokaa inavyochomwa, inavyozimwa na maji, inavyosubiriwa. Binti akawa anatafsiri kwa mwanamume mmoja aliyekuwa juu ya ngazi akitengeneza ukuta wa kanisa, na yule mtu akashuka, akamshika mume wangu mkono, wakaongea muda mrefu kwa vidole tu.

Nikajiambia: mwanamke, umemsingizia mume wako.

Kule Pisa mume wangu alisimama mbele ya ule mnara ulioinama, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Nani alikuwa shefu wa hii kazi?"

"Papa, alikufa zamani," binti akasema.

"Alikufa vizuri. Kwetu nyumba ikiinama hivi, bantu ba serikali, ba umurenge, banakuja kuichora ile alama nyekundu, na mwezi haiishi inabomolewa. Huku banalipisha bantu kuja kuiangalia!"

Binti alicheka hadi akakaa kwenye nyasi. Na mimi nilicheka, na kilikuwa kicheko cha kweli.

Jioni hiyo, mezani, binti alituambia habari za kazi yake. Akasema kuna mzee mmoja ambaye kila siku baada ya chakula cha mchana anavaa koti, anachukua kofia, anakaa mlangoni kusubiri treni. Treni hakuna. Wanamwambia imechelewa, naye anavua koti ametulia, hadi kesho. Alisimulia kwa huruma, hakucheka. Mume wangu alikuwa anaangalia sahani. Akauliza: "Na mwenyewe anajua?"

"Anajua nini, Papa?"

"Kama treni haiko."

"Hapana. Wa aina hiyo hawajui."

"Hm," akasema. "Afadhali." Akaomba mkate.

Kesho yake tulivuka lile daraja la Firenze lenye maduka juu yake. Watu walikuwa wengi wakisukumana, mto chini umejaa, kuna askari wawili wamesimama upande mmoja. Binti alikuwa mbele anapiga picha. Nikaona mume wangu anasimama, anaingiza mkono mfuko wa shati, anatoa kitambulisho chake. Akakishika mbele ya kifua kama tunavyofanya sote pale mpakani, kwenye daraja la Ruzizi, akamwendea askari, akasimama kwenye mstari ambao haukuwepo.

Askari alimtazama, akatazama kitambulisho, akapiga saluti kidogo kwa mzaha.

"Papa!" binti akarudi mbio, akicheka. "Hapa hakuna kuvuka! Kule ng'ambo ni Firenze ile ile!"

Nilicheka. Mume wangu naye akacheka, lakini alicheka nyuma yetu, tulipokuwa tumeshamaliza. Kicheko changu cha pale darajani ndicho ninachokihesabu kuwa uongo wangu wa kwanza katika safari, kwa sababu binti alitazama uso wangu kwanza kabla ya kuendelea kucheka, akaona nacheka, akaridhika. Nisingecheka, angeuliza.

Mume wangu anabisha hapa. Anasema maji, daraja, askari, msongamano: mtu yeyote wa kwetu Rusizi mkono wake ungeenda mfukoni wenyewe. Na ni haki nikubali kwamba mimi pia, pale darajani, nilikuwa nimeshabana mkoba chini ya kwapa na kuanza kutembea haraka, vile natembea nikivuka na mzigo.

Kule Roma binti alikaa nasi siku moja tu, likizo yake ikaisha. Alituacha kwenye nyumba ya wageni ya masista, karibu sana na kile kiwanja cha kalenda. Tungebaki siku mbili peke yetu, halafu turudi Firenze kwa treni. Alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi: namba ya treni, namba ya behewa, nani wa kumuuliza. Akaingiza karatasi, paspoti zetu na simu ndani ya mfuko mdogo wa kuvaa shingoni, akauliza: "Nani anashika?"

Nilifungua mdomo.

"Papa anashika," akajijibu mwenyewe. "Yeye anajua Kifaransa."

Mume wangu alinitazama. Hakuwa anaomba, sitasema aliomba. Alinitazama tu, shingo ameinamisha tayari kuvishwa. Nikaufunga mdomo. Binti akamvisha ule mfuko, akamnyoosha kola, akatubusu, akaenda.

Asubuhi iliyofuata tuliingia kiwanjani mapema. Siwezi kueleza ukubwa wake. Mume wangu akasema polepole, "Ni kweli iko," kama mtu ambaye miaka yote alikuwa na shaka kidogo.

Sokoni nasema kwamba aliondoka akapotea. Haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyeondoka. Niliona nje ya nguzo kuna duka la rozari, nikakumbuka wanawake saba wa sokoni waliosema usiporudi na rozari usirudi. Kuna chemchemi kubwa ya mawe inayorusha maji. Nikamwambia, "Papa, simama hapa kwenye hii maji. Usitoke. Nakuja sasa hivi." Akasema, "Nenda, mimi nitahesabu." Nikaenda. Nikachagua rangi. Nilichagua muda mrefu, sijui kiasi gani.

Niliporudi kwenye chemchemi hakuwepo.

Kwanza nilizunguka yale maji. Halafu nikazunguka tena kwa upande mwingine, kana kwamba alikuwa ananikimbia. Watu walikuwa wameshakuwa wengi, vikundi vyenye bendera ndogo, masista, Wachina wenye miavuli. Nikakumbuka paspoti ziko shingoni kwake, simu iko shingoni kwake, karatasi iko shingoni kwake. Nikakumbuka mzee wa treni. Na hapo sauti ikatoka, sikuiita:

"Papa! Paapaa! Papa weee!"

Na hii ndiyo sehemu ya sokoni. Watu waligeuka. Lakini hawakuniangalia mimi, waliangalia juu, kwenye madirisha ya jumba. Mtu mmoja akainua simu yake. Wa pili akainua. "Il Papa?" "Il Papa!" Bibi mmoja mwenye fimbo akapiga ishara ya msalaba. Kikundi cha masista kikaanza kupiga makofi, na kadiri nilivyozidi kulia "Papa! Papa!" ndivyo walivyozidi kupiga makofi, wengine wakaanza kuita pamoja nami, tukawa tunaita kama ishirini, thelathini, wote tunaangalia dirisha lililofungwa. Mwanamke mmoja alinikumbatia. Nadhani alifikiri ni imani inayoniliza.

Hapo sokoni nanyamaza kidogo, wanacheka, na hadithi inaisha.

Pale kiwanjani haikuisha. Alikuja askari, mwanamke, akanitoa pembeni. Alikuwa na Kifaransa kidogo kama changu. Akaniambia kwa upole kwamba Baba Mtakatifu hatoki leo.

"Hapana yeye," nikasema. "Ni Papa yangu. Bwana yangu. Amepotea."

"Mumeo? Anaitwa nani?"

"Papa."

"Jina lake ni Papa?"

"Ndiyo. Papa wa watoto."

Alinitazama kwa muda. Akatoa kile chombo chao cha kuongelea. "Madame, nahitaji jina lake. Jina."

Kwetu mwanamke hamwiti mumewe jina. Mama yangu alikuwa anasema mwanamke anayetaja jina la bwana yake mbele ya watu amemvua shati barabarani. Tangu nizae mtoto wa kwanza nimemwita Papa, na kabla ya hapo nilimwita "weye". Jina lake niliwahi kulitamka mara moja tu, siku ya ndoa, kanisani Mibirizi, kwa sababu padri alilazimisha. Nililitamka kwa sauti ndogo sana hata padri akasema, "Binti, Mungu amesikia, lakini mashahidi hawajasikia," watu wakacheka, ikabidi nirudie.

Sasa nilisimama mbele ya askari, na kila kitu kilichoandikwa jina hilo kilikuwa shingoni mwa mtu niliyempoteza. Nikalisema.

"Zaidi," akasema askari, ameelekeza sikio. "Kwa nguvu."

Nikalisema kwa nguvu. Akalirudia ndani ya chombo chake, vibaya, kwa mdomo wa kigeni, na nikasikia sauti ya mwanamume upande wa pili inalirudia tena, na nikaona haya kama vile ni kweli nimemvua shati na sasa linatupwa kutoka mkono hadi mkono.

Tulitembea. Katikati ya kiwanja kuna nguzo moja ndefu ya jiwe, na ng'ambo yake nikamwona. Alikuwa amesimama juu ya jiwe la mviringo lililopachikwa chini, kidole chake kinakwenda hewani, moja moja. Mfuko uko shingoni. Kofia iko kichwani.

Niliita "Papa!" Hakugeuka. Nikaita tena. Watu wawili wakaangalia dirishani, yeye hakugeuka.

Basi nikaita jina.

Mgongo wake ulinyooka. Mkono wa kulia ukaenda juu, kidole kimenyooshwa. "Présent!" akaitika, yaani nipo, kama mtoto wa shule ya misheni anapoitwa darasani, kisha ndipo akageuka. Alinitazama. Naandika kwa uangalifu hapa. Alinitazama muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mke wake.

"Nani alikuambia jina yangu?" akasema.

Askari akauliza amesema nini.

"Amesema asante," nikamjibu.

Alipoondoka yule mwanamke, mume wangu akanishika bega akanisimamisha juu ya lile jiwe. "Angalia. Ukisimama hapa, nguzo zinajificha moja nyuma ya ingine, unaona mustari moja tu. Ukisogeza muguu kidogo, zinakuwa mingi. Njo maana pale Mibirizi hesabu ilikuwa inakataa." Alikuwa na furaha sana. Ilikuwa kweli: nilisimama, zikawa mstari mmoja, nikasogea, zikawa msitu.

"Papa, sikukuambia ukae kwenye maji?"

"Nilikaa kwenye maji. Maji ni ile pale." Hatua ishirini tu kutoka kwenye jiwe.

"Niliita. Hukusikia vile niliita?"

"Nilisikia bantu banaita Papa, na mimi nikaangalia dirisha kama bale bengine. Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi!"

"Basi mimi sikupotea. Mimi nilikuwa hapa. Ni wewe njo ulipotea."

Nilikasirika, sikumjibu mpaka chakula cha mchana. Ni kwenye treni, nikiangalia kadi ya picha niliyonunua, nilipoona kwamba kile kiwanja kina chemchemi mbili. Zinafanana kama mapacha, moja huku, moja kule. Nimeitazama kadi ile mara nyingi tangu hapo. Siwezi kuapa nilirudi kwenye ipi.

Kwa hiyo inawezekana ni kweli mimi ndiye nilipotea. Inawezekana kabisa. Linalonibakia ni lile swali lake tu.

Kituoni Firenze binti alitukumbatia. "Mulifurahi? Musimulie!" Mume wangu alinitazama, nikasimulia hadithi ya Papa, kwa mara ya kwanza, vile ninavyoisimulia leo. Binti alilia kwa kucheka katikati ya masanduku. Akanieleza kwamba kwa Kiitaliano ukikaza sauti mwanzo wa neno, kama sisi, ni Baba Mtakatifu. Mzazi wanakaza mwisho. "Maman, umeita Papa wa dunia yote!"

"Na hajakuambia ya mwisho," mume wangu akadakia. "Aliniita jina! Mama yako! Mbele ya bazungu! Njo nikamuuliza: nani alikuambia jina yangu?"

Binti akacheka zaidi. Mume wangu akacheka naye. Mimi nilimtafuta macho, ameshainama kuchukua sanduku.

Tulirudi. Nilianza kuandika. Juma lililopita, mchana, alinikuta na daftari akauliza naandika nini. Sikutaka kumficha, maana ni habari zake. Nikamsomea tangu mwanzo. Alisikiliza ameegemea mlango. Alinirekebisha pale pa darajani, nimeshaweka. Nilipofika kwenye lile swali nikasimama.

"Papa, ilikuwa mzaha?"

Alikwaruza rangi ya mlango kwa ukucha. Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi.

"Weka kwamba ilikuwa mzaha," akasema.

"Ilikuwa?"

"Weka tu, Maman."

Nimeweka. Kisha akasema, "Ile kiapo nakurudishia. Mupigie mutoto. Lakini mimi nitakaa hapa hapa, ukisema nasikia."

Jumapili baada ya misa nikampigia. Niliongea vibaya, nilianza na siku ile ya kiatu mkononi mwake, nikaenda Nyakabuye, nikarudi darajani. Binti aliacha nimalize. Halafu akasema, "Nipe Papa."

Na mume wangu akachukua simu, akaongea naye robo saa nzima. Akamuuliza habari za yule fundi wa ukuta wa kanisa. Akamkumbusha namba ya behewa la treni. Akamtania kuhusu mnara. Hakusema "ile kintu" hata mara moja. Sijawahi kumsikia anaongea vizuri hivyo tangu astaafu.

Simu iliporudi kwangu binti alikuwa anasema kwa sauti ya kazini, ile ya kuwatuliza: "Maman, mimi nafanya kazi hii kila siku. Nilikuwa na Papa siku nne. Ningeona. Wewe umechoka. Soko imekuchosha."

"Pengine," nikasema.

"Ni kweli hakuna kitu kingine?"

"Ni ile tu nimesema."

Tulipokata, mume wangu alisimama katikati ya chumba, jasho kwenye paji la uso kama aliyebeba mfuko wa simenti kupanda mlima. "Umeona?" akasema. "Niko muzima." Kisha akakaa, akalala palepale kwenye kiti, saa saba mchana, hakula.

Sikumwamsha. Sijui kama binti amekosea. Anawajua wazee wengi kuliko mimi, na mimi namjua mmoja tu. Atakuja Desemba, amesema, aone mwenyewe. Nitamngoja na nitampa daftari hili asome, na mume wangu ameshakubali.

Kwa sasa kuna jambo moja tu ninalofanya tofauti. Jioni akiwa nyuma ya nyumba au kwenye njia ya chini, na nikaita "Papa" asisikie, naita jina. Kwa nguvu, kama askari alivyonifundisha. Majirani wamesikia. Soko zima limesikia. Asubuhi mwenzangu wa samaki aliniuliza mbele ya wateja:

"Maman Italia, ata adabu ulivuka nayo ukaiacha kule? Unaita mwanaume jina kama unaita mbuzi?"

"Iko inakuja na mizigo ingine," nikamjibu. "Ilichelewa Roma."

Walicheka, nami nikatandika vitenge. Wanasema Italia imeniharibu. Niliacha waseme, ni afadhali wanicheke mimi.

Hapa mwisho wa daftari nimeanza kuandika kila siku anaitika nikimwita mara ya ngapi. Akisikia anainua mkono na kusema "Présent," hata akiwa na jembe. Jana aliitika mara ya tatu. Leo ameitika mara ya kwanza. Naandika zote mbili.